Kuhamisha tokeni toka blokcheni moja kwenda nyingine bila kuzipoteza

Cha kwanza ujue kwamba blokcheni hazionani, Ethereum haijui chochote kinachoendelea Solana, na Solana nayo hivyohivyo, kwa hiyo tokeni yako haisafiri kwenda popote. Daraja, yaani huduma ya kuhamisha tokeni kati ya blokcheni, kwa kawaida linaifungia kwenye kontrakti (programu inayoishi ndani ya blokcheni) upande huu halafu linakutengenezea nakala upande wa pili, na hiyo nakala ina thamani tu kama ile ya kwanza bado imefungiwa salama. Ndo maana wezi wanapenda sana madaraja, mzigo wote umekaa sehemu moja. Daraja la Ronin, Machi 2022, lilikuwa na wathibitishaji 9, yaani wanaoidhinisha miamala kwa funguo zao za siri, na saini 5 zilitosha kutoa hela, jamaa wakapata funguo 5 wakaondoka na zaidi ya dola milioni 600!

Kwa hiyo kabla hujaunganisha waleti, uliza: nani anathibitisha hapa? Kama ni watu wachache wenye funguo, mimi siweki hela ya maana. Daraja rasmi la mtandao wenyewe huwa ndo salama zaidi ila lina subira, mfano kutoa Arbitrum (mtandao uliojengwa juu ya Ethereum) kurudi Ethereum ni kama siku 7, huo muda umewekwa ili muamala wa uongo upingwe. Ukiwa na USDC, tokeni ya dola inayotolewa na kampuni ya Circle, tafuta daraja linalotumia CCTP, mfumo wa Circle wenyewe wa kuihamisha, yenyewe inachoma (inafuta kabisa) USDC huku na kutoa mpya kule, unapata USDC yenyewe sio nakala. Na kule Cosmos, familia ya blokcheni zilizounganishwa, kuna mfumo unaitwa IBC, mnyororo mmoja unakagua saini za mwenzake wenyewe bila kumtegemea mtu wa kati, kwangu huo ndo mfumo uliotulia kuliko yote.

Halafu angalia unapokea nini. Arbitrum kuna USDC na kuna USDC.e, zinafanana jina ila ni tokeni mbili tofauti, hiyo ya .e ndo nakala ya daraja, na sehemu nyingine haipokelewi. Linganisha anwani ya kontrakti, jina na logo mtu yeyote anaweza kuiga.

Hakikisha pia una gesi, yaani tokeni ya kulipia ada ya miamala, upande wa pili, Arbitrum ni ETH, Polygon ni POL, bila hivyo utafika na tokeni ambazo huwezi hata kuzitikisa. Waleti ikiomba ruhusa ya kutumia tokeni zako, badilisha kiasi kiwe kile unachotuma tu, usiache bila kikomo. Tuma kidogo kwanza, kikifika ndo utume zilizobaki.

Zikichelewa usitume tena na usimjibu yeyote anayekuja inbox kukusaidia, akiomba yale maneno 12 ya waleti huyo ni mwizi. Chukua namba ya muamala, iangalie Etherscan, tovuti inayoonyesha miamala ya Ethereum, au tovuti kama hiyo ya blokcheni uliyotumia. Kama huku imekubali na kule hakuna kitu, rudi kwenye daraja uone kama kuna kitufe cha kudai, maana mengine hayamalizi mpaka ubonyeze mwenyewe, na hapo ndo ile gesi ya upande wa pili inahitajika.