Somo: Sanduku la dharura la watoto, kabla ya mafuriko, moto au mlipuko

Somo hili ni la wahudumu wa zahanati, walimu wa bweni na kamati za maafa za kata. Masanduku mengi ya dharura yamepangwa kwa mtu mzima, na siku ya tukio nusu ya wanaoletwa huenda wakawa watoto. Mtoto wa kilo 10 ana damu ya mililita 800 tu, yaani takriban 80 kwa kila kilo. Akimwaga mililita 200, robo ya damu yake imekwenda. Mtu mzima akipoteza kiasi hichohicho anasimama na kutembea.

1. Orodha ya watoto wenye dawa za kila siku

Anzeni na hii kabla ya kununua chochote. Andikeni nani ana pumu, kifafa, selimundu, kisukari, na nani anatumia ARV, yaani dawa za VVU (hii iwe siri, mikononi mwa muuguzi pekee). Kila mtoto awe na akiba ya dawa ya siku 14 ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha maji, pamoja na nakala ya kadi ya kliniki. Dawa ya kifafa ikikatika ghafla, degedege hurudi na huweza kukataa kukoma. Insulini iwekwe penye ubaridi, na chungu chenye maji kinafaa umeme ukikatika, ila isigande kamwe: ikishaganda imeharibika hata ikiyeyuka.

2. Hesabu zote zifanyike leo

Hapa ndipo wengi wanapoanguka. Katikati ya vilio hakuna anayegawanya vizuri, ndiyo maana kuna watoto wanaopewa dozi mara mbili au nusu. Mizani ikiwepo, pimeni. Isipokuwepo, kadirieni kilo kwa umri:

- Chini ya mwaka 1: miezi gawanya kwa 2, jumlisha 4
- Miaka 1 hadi 5: umri mara 2, jumlisha 8
- Miaka 6 hadi 12: umri mara 3, jumlisha 7

Mtoto wa miaka 3 basi ni kilo 14. Paracetamol ni miligramu 15 kwa kilo, kwa hiyo 210. Dawa ya maji yenye miligramu 120 katika mililita 5 atapewa mililita 8.75. Lakini zipo chupa zenye 250 katika mililita 5, na hiyo 8.75 ikichotwa humo amepata mara mbili. Someni chupa kila mara. Tengenezeni kadi ya kilo 5, 10, 15, 20, 25 na 30, kila dozi ikiwa imeandikwa kwa mililita za dawa mliyonayo, muibandike ndani ya kifuniko cha sanduku. Dawa ikibadilika, kadi ibadilike siku hiyohiyo.

Sukari ikishuka: glukosi ya asilimia 10, mililita 5 kwa kilo, kwenye mshipa. Mkiwa na ya asilimia 50 tu, changanyeni mililita 10 na maji ya sindano mililita 40. Ile ya 50 isiingizwe mtoto bila kuzimuliwa, huunguza mshipa.

Tahadhari ya dripu: mtoto aliyepoteza damu anahitaji kujaziwa, lakini mwenye homa kali na mzunguko dhaifu wa damu ni jambo jingine. Utafiti wa FEAST uliofanywa Uganda, Kenya na Tanzania, ukatoka 2011, ulionyesha kwamba kuwamiminia watoto hao dripu kwa haraka kuliongeza vifo.

3. Vya kuweka ndani

Kanula (mirija myembamba ya kuwekea dripu) za njano (namba 24) na bluu (22), ambu ya mtoto (mfuko wa kumpulizia hewa asiyepumua) na barakoa zake za ukubwa tofauti, mirija ya kulishia ya namba 6 na 8, mabomba ya sindano ya mililita 1, 2 na 5, ORS, zinki, kipimo cha sukari, blanketi. Vibanzi vya kupimia sukari huisha muda kimyakimya, viangalieni kila mwezi.

4. Majeraha

Damu ikitoka, kandamiza kwa nguvu moja kwa moja. Mkanda wa kufunga mguu uliotengenezwa kwa mtu mzima mara nyingi haukazi kwenye kiungo cha mtoto mdogo.

Kwa moto: maji ya bomba yanayotiririka dakika 20 juu ya sehemu iliyoungua, kisha afunikwe blanketi upesi maana mtoto hupoa haraka. Dawa ya meno, yai na majivu ni marufuku. Kiganja cha mtoto mwenyewe pamoja na vidole ni asilimia 1 ya mwili wake. Sehemu iliyoungua ikizidi asilimia 10, anahitaji dripu na rufaa.

Kwa mlipuko: Nairobi, tarehe 7 Agosti 1998, ubalozi wa Marekani uliposhambuliwa, watu wengi walikimbilia madirishani waliposikia mshindo wa kwanza, kisha bomu kubwa likawamwagia vioo machoni. Wafundisheni watoto kulala chini mbali na dirisha. Kioo kikiwa ndani ya jicho msikichomoe, msilikandamize jicho. Funikeni kwa kikombe cha karatasi kilichoegemea mifupa pembeni.

5. Mtoto asiye na mtu

Plasta mkononi: jina, umri, alipookotwa, saa, aliyemleta. Asikabidhiwe mtu yeyote bila afisa ustawi wa jamii.

Maswali ya wanachama

*Habari wakuu. Shule yetu ni ya bweni, dawa za wanafunzi tufungie ofisini?*
Nyingine sawa, mradi matroni awe na ufunguo usiku. Pampu ya pumu ikae na mtoto mwenyewe.

*Mafuriko yakija tunaletewa maziwa ya kopo. Tugawe?*
Hapana, msigawe kwa wote. Mama mwenye hofu bado anatoa maziwa, anyonyeshe mara kwa mara. Kopo likikutana na maji machafu huleta kuharisha. Liwe la mtoto asiye na mama au asiyeweza kunyonyeshwa, na anyweshwe kwa kikombe, si chupa.

*Shikamoo daktari. ORS zikiisha je?*
Marahaba. Lita 1 ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Chumvi ikizidi ni hatari, bora pungufu kidogo. Kila akiharisha, chini ya miaka 2 apewe mililita 50 hadi 100, mkubwa 100 hadi 200. Akitapika, subiri dakika 10 kisha endelea polepole.

*Pampu ya pumu mtoto hawezi kuivuta, na kichupa chake cha kuvutia dawa (spesa) hatuna.*
Chukua chupa ya plastiki ya nusu lita, ioshe kwa sabuni, iache ikauke bila kuifuta. Toboa kitakoni tundu la umbo la mdomo wa pampu, ziba pembeni kwa plasta. Mtoto abane midomo kwenye shingo ya chupa: mpulizo mmoja, avute pumzi mara 5, ndipo mwingine. Asiyeweza kubana midomo anahitaji barakoa, kwa hiyo ongezeni moja kwenye sanduku.