Stori ya kwanza itatoka mbovu, imalize hivyohivyo kisha uirudie

Wengi wanaotaka kuandika hadithi wanakwama ukurasa wa tatu, na sio kwamba hawana kipaji, ni vile mtu anaandika sentensi anaisoma anaiona mbaya anaifuta, anaandika nyingine anaifuta tena, mpaka hamu inaisha. Kwa hiyo kwanza kabisa andika mpaka mwisho bila kurudi nyuma. Kuna sehemu hujui itakuwaje? Andika tu "hapa wanagombana" songa mbele. Rasimu ya kwanza ni ya kukuonyesha wewe mwenyewe stori inahusu nini, msomaji bado hayupo.

Na anza na fupi, kurasa nne tano, sababu stori fupi unaweza kuirudia mara nyingi na kwenye kurudia ndo unajifunza kuandika. Ukimaliza iweke pembeni hata wiki mbili, usiichungulie, anza nyingine.

Sasa kurudia kwenyewe. Watu wanadhani ni kusahihisha spelingi na koma, hapana jamani, hiyo ni kazi ya mwisho kabisa. Raundi ya kwanza angalia stori tu: huyu mtu anataka nini, nini kinamzuia, akikosa anapoteza nini? Kama huna majibu hata lugha iwe tamu vipi haitakuokoa. Mara nyingi utakuta stori inaanza kweli ukurasa wa pili, yale ya mhusika kaamka kapiga mswaki kachungulia dirishani yote unakata, hata kama unayapenda.

Raundi ya pili tafuta pale ulipotaja hisia badala ya kuzionyesha. Mfano umeandika hivi:

"Asha alihuzunika sana mumewe alipoondoka."

Msomaji kapata taarifa, hajahisi kitu. Jaribu tena:

"Asha akapanga sahani mbili mezani, akasimama kwa huzuni, akarudisha moja kabatini."

Afadhali, ila soma tena. Hiyo "akasimama kwa huzuni" inamwambia msomaji hapa sikitika, na sahani ishamwambia. Itoe. Ona, sentensi moja imepita mara tatu, na ndivyo inavyokwenda kwa kila mtu. Mwandishi wa Marekani Ernest Hemingway kwenye mahojiano yaliyochapishwa 1958 alisema mwisho wa riwaya yake A Farewell to Arms aliuandika upya mara 39 ndo akaridhika, na huyo alikuwa tayari anajua kuandika.

Halafu isome kwa sauti, au jirekodi kwenye simu usikilize. Utakapojikwaa ulimi weka alama. Mazungumzo ndo yanaumbuka zaidi hapa, maana tunaandika watu wanajibizana kama wako kwenye usaili. "Umetoka wapi?" "Nimetoka kazini." Sawa, lakini haina kitu. Weka "Umetoka wapi?" "Chakula kipo?" na ghafla msomaji anajua kuna jambo linafichwa.

Kama kuna ukurasa umeshauchezea sana na bado haukai sawa, acha kuuweka viraka. Fungua faili jipya, usiutazame wa zamani, uandike upya kwa kichwa. Kilichokuwa cha muhimu utakikumbuka. La zamani usilifute lakini, litunze.

Ndo sasa mpe mtu mmoja anayependa kusoma, na usimuulize "imekaaje", atakwambia nzuri tu asikuumize. Muulize ulichoka wapi, wapi hukuelewa. Akisema alichoka hapa muamini, ila akikushauri uirekebishe vipi hapo pima mwenyewe, stori ni yako.

Ukiona leo unarudisha neno ulilolitoa jana, imetosha, itume kwa wachapishaji. Wakikukataa kwa sababu walizozitaja, zisome ukiwa umetulia uone kama zinagusa zile alama ulizoweka mwenyewe. Wakikukataa bila maelezo tuma kwingine, na wakati huo uwe tayari katikati ya stori nyingine.