Namna ya Kuandika Maisha ya Babu Aliyekuwa Mchezaji na Askari

Kwa kuwa wengi wa askari wa Keya (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki) waliotoka Mwanza, Ukerewe na Sengerema wameshatangulia mbele ya haki, msimulizi wako atakuwa bibi au shangazi. Msalimie, kaa, na umwache aanze anapotaka, kwa Kisukuma au Kikerewe akipenda, huku simu ikirekodi kwa ruhusa yake. Usimuulize mwaka, kwani mwaka ndicho kitu anachokisahau upesi. Muulize babu alirudi mtoto gani akiwa mgongoni, au kama mtama ulikuwa umeshavunwa.

Baada ya hapo omba kuona sanduku la babu. Cheti cha kuachishwa jeshi kina namba ya askari, nayo ina thamani kuliko picha kumi. Utepe wa buluu wenye mstari mwekundu katikati na mchirizi wa rangi ya machungwa katikati ya kila upande wa buluu ni wa nishani ya Burma (Myanmar ya leo) ya Vita vya Pili vya Dunia, na hapo simulizi za matope na mvua zisizokatika zitapata mahali pake: Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilishuka bonde la Kabaw wakati wa masika ya huko mwaka 1944, ikaufikia mji wa Kalewa mwezi Desemba.

Sehemu ya mpira ndiyo huwapotosha waandishi wengi, maana kifo au vita humfanya kila mchezaji aonekane alikuwa nyota. Mtazame Eddie Grant, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1883, akasoma Harvard, akacheza besiboli ya kulipwa Cleveland, Philadelphia, Cincinnati na New York hadi 1915, kisha akafanya kazi ya uwakili. Nchi yake ilipoingia katika Vita vya Kwanza vya Dunia mwaka 1917 alijiunga na jeshi, akauawa tarehe 5 Oktoba 1918 katika msitu wa Argonne, Ufaransa, akiwa kapteni katika juhudi za kuwafikia askari wenzake waliozingirwa. Ushujaa huo haubadilishi kwamba uwanjani alikuwa mchezaji wa wastani, mlinzi mzuri asiyetisha kwa kupiga, na anayeandika hivyo humtendea haki zaidi kuliko anayempamba.

Kwa hiyo, kama babu alikuwa beki wa akiba aliyeingia uwanjani mwenzake alipoumia, andika hivyo hivyo. (Wajukuu watalalamika, wavumilie.) Rasimu ikikamilika, msomee bibi yote kwa sauti kabla ya kuichapa, ukiwa na kalamu mkononi, kwani majina ya vijiji na ya wachezaji wenzake ndiyo atakayoyasahihisha kwanza.