Kupunguza ulaji wa betri ya laptopu kwenye Linux

Pima kwanza. Chomoa chaja, fungua terminali, andika `sudo powertop` (programu ya kupima matumizi ya umeme; isakinishe kama haipo), usubiri dakika chache. Juu utaona wati zinazotumika. Punguza mwanga wa skrini, na namba itashuka baada ya muda mfupi. Anzia hapo kabla ya kugusa kingine.

Kisha sakinisha TLP, programu inayopanga yenyewe mipangilio ya kuokoa betri, uiwashe: `sudo systemctl enable --now tlp`. Kama power-profiles-daemon, programu nyingine ya kusimamia umeme, ipo, iondoe kabla, maana zote mbili hugombania mipangilio ileile ya prosesa.

Epuka `powertop --auto-tune`, amri inayowasha kwa pamoja mipangilio yote ya kuokoa umeme ambayo powertop inapendekeza. Hulaza hata vifaa vya USB, kipanya kikaachwa kidogo tu kinaganda, na mshale hausogei mpaka ubofye. Ikikutokea, washa mashine upya. Mabadiliko hayo hayahifadhiwi.