Nani anakata umeme wa koili? Platini na moto wa elektroniki kwenye gari la petroli

Gari la petroli likigoma kuwaka, wengi hukimbilia dukani kununua plagi. Mimi ni fundi umeme wa magari hapa Arusha, na vijana ninaowafundisha nawataka waanze na swali moja: kwenye gari hili, nani anakata umeme wa koili, kile kifaa kinachokuza umeme wa betri mpaka utoe cheche kwenye plagi? Ukishamjua, unajua pa kuanzia.

Ndani ya koili kuna waya mbili zilizozungushwa kwenye chuma kimoja: nene yenye mizunguko mia kadhaa, na nyembamba yenye mizunguko maelfu kwa maelfu. Ukiwasha swichi, umeme wa betri wa volti 12 unapita kwenye waya nene na kukitia chuma usumaku. Mpaka hapo hakuna cheche. Cheche inakuja umeme ule unapokatwa ghafla: usumaku unaanguka, waya nyembamba inatoa volti 15,000 au zaidi, na zinaruka kwenye mdomo wa plagi. Umeme usipokatika kwa ghafla, cheche inakuwa dhaifu.

Kwenye Land Rover 109 ya petroli yenye silinda nne, mkataji ni platini, zile ncha mbili ndogo zilizo ndani ya distributa, kifaa kinachogawa cheche kwa plagi. Shafti inapozunguka, pembe zake nne zinazifungua ncha hizo, na rota, kile kipande kinachozunguka juu ya shafti, inapeleka moto (yaani cheche) kwa zamu: silinda 1, 3, 4, 2. Injini ikienda mizunguko 3,000 kwa dakika, platini zinafunguka mara 6,000 katika dakika hiyo. Ndiyo maana zinachakaa.

Kuziseti, toa kifuniko cha distributa na rota, zungusha injini kwa mkono mpaka kisigino cha platini kikae juu kabisa ya pembe, kisha ingiza fila geji, kile kibamba chembamba cha kupimia nafasi, katikati ya ncha. Kwa distributa ya Lucas ya gari hilo nafasi ni milimita 0.35 hadi 0.40. Geji ipite kwa kukwaruza kidogo, bila kulazimishwa. Kaza skrubu, halafu pima tena, kwa sababu kukaza kwenyewe huisogeza. Pitisha karatasi safi katikati ya ncha kufuta mafuta. Tia grisi kidogo kwenye pembe, kiasi cha kichwa cha kiberiti tu, maana ikizidi itarukia kwenye ncha. Taimingi, yaani wakati cheche inaporuka, ipimwe baada ya hapo, kamwe si kabla: nafasi ikibadilika, taimingi nayo inasogea.

Ukikuta ncha mpya zimeungua mapema, usizilaumu. Washa swichi, na platini zikiwa zimefungana, zifungue kwa bisibisi yenye mpini wa plastiki. Kicheche kidogo ni cha kawaida. Ikimulika kubwa, kondensa imekufa. Kazi yake ni kuupokea umeme pale ncha zinapoachana ili usiruke katikati yao.

Sasa fungua boneti ya Toyota IST yenye injini ya 1NZ-FE. Hakuna distributa. Kila plagi imevaa koili yake, na ndani ya koili kuna transista, swichi ya kielektroniki isiyo na ncha, inayokata umeme. Sensa ya kranki na ya kamshafti zinaiambia kompyuta pistoni zilipo, na kompyuta inaiamuru kila koili kwa wakati wake. Hakuna kinachogusana, kwa hiyo hakuna cha kuseti. Moto wake una nguvu zaidi, ndiyo maana plagi zake zinaachwa wazi kama milimita 1.1.

Injini hiyo ikimisi, yaani silinda ikikosa kuwaka, soma kwanza kodi, ile namba ya hitilafu iliyo kwenye kompyuta ya gari. Ikionyesha P0302, tatizo liko silinda ya 2, ukihesabu kutoka upande wa mikanda. Zima swichi, badilishana koili ya 2 na ya 3, futa kodi, endesha kidogo. Kodi ikihamia P0303, koili ndiyo mbovu. Ikibaki palepale, angalia plagi, waya za soketi na nozeli inayopuliza petroli, na kagua shimo la plagi. Mara nyingi nakuta humo oili iliyovuja kutoka kwenye gasketi ya kifuniko cha valvu, au maji ya kuoshea injini kwa presha. Inaniuma sana mteja anapouziwa koili nne wakati alihitaji gasketi moja.

Gari hili likizimika likiwa la moto na kuwaka tena likipoa, shuku sensa ya kranki kabla ya koili.

Na tafadhali, mchezo wa zamani wa kuchomoa waya wa plagi injini ikiunguruma ili kutafuta silinda mbovu usiuhamishie kwenye magari haya. Umeme huu ni mkali kwa mwili wako, na koili isiyo na pa kurushia moto inaweza kuungua. Usichomoe betri pia gari likiwa linawaka.

Wenye Land Rover za zamani huniuliza kama wafunge kifaa cha elektroniki ndani ya distributa badala ya platini. Fungeni, kinafaa. Ila kwanza pima koili kwa mita, kwa sababu yenye ukinzani wa omu 1.5 inahitaji rezista yake ya kupunguza umeme, na ile ya omu 3 haihitaji. Kifaa kikifungwa na koili isiyolingana nacho kinaungua. Platini na kondensa za zamani zikiwa nzima, zifunge kwenye mfuko pamoja na fila geji, uziweke chini ya kiti. Kifaa kikifa njia ya Loliondo, utazirudisha kwa bisibisi na kuendelea na safari.