Kabla Hujachomeka Pini Kwenye Ruta

Intaneti ikianza kusuasua nyumbani, lawama humwendea jirani: anatuibia Wi-Fi. Adhabu huiangukia ruta, inachomwa pini kwenye kile kitundu cha kitufe cha kuriseti hadi taa zizime. Nusu saa baadaye nyumba nzima haina intaneti, na huyo jirani, kama kweli alikuwepo, hajajulikana. Pini iwe hatua ya mwisho.

Kuzima ruta na kuiwasha hakufuti mipangilio. Kuiriseti ni jambo jingine. Ukibana kitufe kwa sekunde 10 hivi, na baadhi ya ruta hutaka hadi 30, inarudi ilivyotoka kiwandani: jina la mtandao, nenosiri, hata maelezo yanayoiunganisha na kampuni inayokuuzia huduma, vyote vinaweza kufutika. Hapo ndipo wengi hukwama. Ruta inayotumia PPPoE, njia ya kuunganishwa na kampuni kwa akaunti, itakudai jina la mtumiaji na nenosiri ulilopewa na kampuni. Inayotumia laini ya simu huenda ikataka APN, yaani jina la lango la intaneti la mtandao wa simu. Basi fungua ukurasa wa mipangilio mapema, kwa kawaida kwa kuandika 192.168.1.1 au 192.168.0.1 kwenye kivinjari, upige picha kila unachokiona. Nenosiri la PPPoE mara nyingi limefichwa kwa vidoti, kwa hiyo picha haitoshi. Liulize kwa kampuni wakati simu bado inapatikana na wewe hujapaniki. Piga picha pia kibandiko kilicho chini ya ruta. Na picha hizo zikae kwenye simu yenyewe, maana zilizo mtandaoni hutazifikia.

Sasa kumsaka mgeni. Kabla ya kufungua orodha ya vifaa vilivyounganishwa, iliyo kwenye ukurasa ule ule wa mipangilio, chukua karatasi uandike vya kwako: simu, laptopu, runinga, printa, kamera, ile simu kuukuu ambayo watoto huchezea gemu. Mimi niliwahi kumwandama "mwizi" jioni nzima, kumbe ni printa iliyokuwa imetulia kwenye kona yake. Orodha yenyewe haisaidii sana, kwani vifaa vingine huonyeshwa kwa anwani ya MAC tu, yaani utambulisho wa kifaa kwenye mtandao, herufi na tarakimu 12 zisizosema kitu. Tena simu za Android kuanzia toleo la 10 na iPhone kuanzia iOS 14 zinaweza kutumia anwani ya kubuni, isiyofanana na ile ya kwenye boksi. Njia ya uhakika ni ya kizamani: zima Wi-Fi kwenye kifaa kimoja kimoja, usubiri kidogo, uone ni jina gani limetoweka. Kitakachobaki hewani wakati vyako vyote vimezimwa, isipokuwa kile unachotazamia orodha, hicho ndicho cha kukitilia shaka.

Ukishampata, kumbuka kwamba kuriseti peke yake hakumfungii mlango. Nenosiri linarudi lile la kwenye kibandiko, ambalo kila aliyewahi kukaa sebuleni kwako angeweza kulisoma. Kwa hiyo tunga jipya kabla, refu, uliandike. Kurudisha jina na nenosiri la zamani kunavutia, vifaa vyote vitajiunga vyenyewe. Na cha mgeni pia kitajiunga. Andaa na nenosiri la pili, la kuingilia kwenye mipangilio, lisifanane na la Wi-Fi. Mwaka 2016 kirusi cha Mirai kiliteka kamera na ruta nyingi kwa kujaribu tu manenosiri ya kiwandani. Kwenye aina ya ulinzi wa Wi-Fi chagua WPA3 au WPA2, na WPS, njia ya kujiunga kwa kubonyeza kitufe au kwa PIN, izime.

Tafuta pia waya wa mtandao wa kuunganisha laptopu na ruta, ili ubadilishe nenosiri bila kutegemea Wi-Fi itakayokuwa inakatika kila unapohifadhi mabadiliko. Na uliza kwanza nani ndani ya nyumba yuko kwenye mkutano au mtihani wa mtandaoni.