Jinsi ya kuandaa tamasha la mtaani kwa wasanii ambao hawaitwagi popote

Habari zenu. Nimeulizwa mara nyingi tunavyofanya lile tamasha letu la wasanii wa mtaani, wale ambao hata tangazo la maonyesho haliwafikii, kwaiyo naandika yote hapa kwa pamoja, ni ndefu mnivumilie. Sisi tuko Dar so mambo ya ofisi nayosema ni ya Tanzania, alie Mombasa au Goma atabadilisha huko kwenye vibali, mengine yote yanafanana.

Kwanza kabisa usianze na turubai. Watu wakipata wazo la tamasha wanakimbilia kutafuta mziki, viti, emsii na mgeni rasmi, halafu imebaki wiki moja ndo wanaanza kuulizana wasanii tunawatoa wapi. Hawa nnaowaongelea mimi hawaji kwa tangazo. Ukiweka fomu mtandaoni utawapata wale wale waliozoea kujaza fomu. Yule mzee anaechora meli kwa mkaa kwenye ukuta wa nyumba ya kupanga, yule dada kiziwi anaedarizi vitambaa vya makochi na hakuna ndege hata mmoja anaefanana na mwenzie, yule kijana anaelala na vyuma chakavu akiunganisha wanyama, hao wenyewe hawajiiti wasanii na mtaa umeshawapa majina mengine kabisa, mengine ya kuumiza. Inabidi uwafuate walipo.

Sisi tunatembea miezi mitatu. Tunawauliza wajumbe, mama ntilie, mafundi baiskeli, wanunuzi wa skrapu (hawa wanajua kila mtu anaeokota vitu visivyo vya kawaida), mafundi cherehani, walimu wa shule zenye vitengo vya watoto viziwi, na vyama vya watu wenye ulemavu. Na swali lenyewe ni muhimu sana. Ukiuliza "hapa kuna msanii?" utapelekwa kwa kijana wa bongo fleva. Uliza hivi, "nani hapa anatengenezaga vitu kwa mkono na watu wanamshangaa?" Hapo utasikia majina. Wengine watacheka kabla ya kukutajia, we andika tu jina.

Ukimpata, nenda mara mbili bila kamera. Mara ya kwanza ni shkamoo na kukaa, uangalie kazi, uulize anatumia nini, rangi anapata wapi. Mara ya pili ndo unaongea habari ya tamasha. Kama ni mtu anaeishi na tatizo la afya ya akili, ongea nae mwenyewe, usimalizane na kaka yake uani halafu ukasema amekubali, ila awepo mtu anaemwamini. Akikataa amekataa, shukuru uondoke na usimsumbue tena. Kuna mama mmoja alitukataa, mwaka wa tatu mwenyewe akatutumia mtoto na mfuko wa mikeka, na tulifurahi mno.

Mkienda serikali ya mtaa mtakutana na swali, "hao mnawapeleka wapi?" Msikasirike, wapeni historia. Edward Saidi Tingatinga alietoka Tunduru alikuwa mfanyakazi wa nyumbani na kibarua hapa Dar, hakusoma chuo chochote cha sanaa, alianza kuchora 1968 kwa rangi za kung'aa za madukani juu ya hadibodi, picha zikawa zinauzwa pale Oyster Bay, na 1972 akauawa kwa risasi ya polisi iliyompata kimakosa. Miaka minne tu hiyo. Leo jina lake ndo jina la mtindo mzima unaotambulika dunia nzima. George Lilanga nae, fundi wa vinyago Mmakonde, pale Nyumba ya Sanaa, kituo cha wasanii hapa Dar enzi hizo, alianza kama mlinzi, na baadae alipokatwa miguu kwa sababu ya kisukari aliendelea na kazi na wasaidizi mpaka alipofariki 2005. Mwenyekiti wetu alivyosikia ya mlinzi alinyamaza kidogo kisha akatuuliza tunahitaji barua ya namna gani.

Kuhusu vibali sisemi mengi. Anza na barua ya mwenyekiti wa mtaa, nenda kwa mtendaji wa kata, onana na afisa utamaduni wa halmashauri yenu akueleze ya BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa), na polisi wapewe taarifa mapema. Muulizeni kila mmoja mwisho wa mziki ni saa ngapi na muuheshimu huo muda, maana mkivuruga mwaka huu hao wasanii hawatapata uwanja mwakani.

Sasa pesa, na hapa ndo nataka mnisikilize vizuri. Mwaka wetu wa kwanza tuliacha kila msanii asimame na kazi yake auze mwenyewe. Akaja mtu amevaa vizuri, akambana kijana wetu mmoja, akabeba picha tatu kwa bei ya sahani ya chipsi kuku. Kijana alikubali kwa sababu hakuwahi kuuza kitu maishani na aliogopa mteja ataondoka. Hakurudi mwaka uliofata na mi mpaka leo naumia. Tangu hapo bei tunapanga na msanii kabla, nyumbani kwake, tunahesabu rangi, ubao, siku alizotumia, halafu inaandikwa kwenye kadi na mezani anakaa mtu wetu anaepokea pesa. Kupunguza bei hakuna, anaetaka kupunguziwa anaelekezwa kwa upole kwenye kadi za posta zenye bei ndogo. Pesa ya mauzo yote inaenda kwa msanii. Tamasha tunaliendesha kwa ada ya wauza vyakula, michango ya wafanyabiashara wa mtaa na harambee, na nusu ya bajeti inaenda kwa wasanii kabla hatujalipia kitu kingine chochote, yaani posho, nauli na vifaa. Posho ilipwe kabla ya siku yenyewe. Mtu ambae hana hela ya daladala hawezi kusubiri mpaka Jumatatu. Na tafadhali usimwambie mtu kwamba malipo yake ni kutangazwa.

Eneo tafuteni la tambarare, lenye choo ambacho kiti mwendo kinaingia. Nenda na mtu anaetumia kiti mwendo akajaribu mwenyewe, usipime kwa macho. Kwenye mchanga magurudumu yanazama, sisi tunaazima mbao za fundi ujenzi tunatandika njia kutoka barabarani mpaka kwenye kazi za mwisho kabisa. Muda anzeni saa 9 alasiri hivi au baadae, kivuli kiwe cha kutosha, maana kuna wasanii na wageni wenye ualbino na jua la saa 6 kwao ni hatari sio usumbufu. Mkalimani wa lugha ya alama asimame penye mwanga karibu na emsii, na taa ikiwashwa jioni imuangazie na yeye, watu wanasahau hili kila siku. Pia tengeni chumba au kona ya mikeka mbali na spika kwa ajili ya mtu akizidiwa na kelele, kuwe na maji na mtu mmoja mtulivu. Kona hiyo tuliweka kwa sababu ya wasanii wetu wawili ila mwishowe hata mama wenye watoto wachanga walijaa humo.

Kama hamjui pa kujifunzia, angalieni Neema Crafts ya Iringa, karakana ya watu wenye ulemavu, walianza 2003 na vijana viziwi wachache wakitengeneza karatasi, mpaka ya kinyesi cha tembo, na kwenye mgahawa wao wahudumu ni viziwi, mteja ndo anajifunza alama ya chai. Hapa Dar kuna Wonder Workshop, zamani ikiitwa Wonder Welders, watu wenye ulemavu wanaochomelea sanamu kutoka kwenye vyuma chakavu. Nendeni mkaone wanavyopanga kazi zao na wanavyoziandikia bei.

Kutundika kazi hakuhitaji ukumbi wa kifahari. Fremu za mbao zilizovalishwa wavu wa banda la kuku zinatosha, unafunga picha kwa waya nyuma. Vitambaa na khanga zilizodariziwa tundika kwenye kamba ya katani kwa vibanio vya nguo, ila funga na chini maana upepo wa jioni ukija vinajikunja na hakuna atakaeviona. Tundika chini kidogo kuliko ulivyozoea, mtu aliekaa kwenye kiti mwendo na mtoto wa darasa la pili waone bila kunyanyua shingo. Vinyago viwili vitatu viwe vya kushikwa, muombe mwenye kinyago ruhusa, kwa ajili ya wasioona, na utashangaa wanaoona nao wanapanga foleni. Na kadi: jina la msanii kwanza na kwa herufi kubwa, kisha kazi imetengenezwa na nini, kisha bei. Ugonjwa wake, ulemavu wake, alikolala jana, haviandikwi labda yeye mwenyewe aseme viandikwe. Nimeshaona maonyesho kadi nzima inaelezea maradhi ya mtu na rangi alizotumia hazimo. Hapo mgeni anaondoka na huruma na hajaiangalia picha.

Mgeni rasmi mkitaka muwe nae, lakini hotuba dakika 5, na anaefungua tamasha awe msanii. Sisi mwaka jana alifungua yule dada wa vitambaa kwa lugha ya alama, mkalimani akatamka, uwanja mzima ukapunga mikono juu bila kupiga makofi kwa sababu tulikuwa tumefundishwa kabla ya ufunguzi kwamba viziwi ndivyo wanavyoshangilia. Jioni wekeni ngoma za wenyeji na vijana wa singeli wa mtaa, ule mziki wa kasi, na wao walikuwa wanaitwa wahuni wa vigodoro (zile ngoma za mtaani za kukesha) mpaka juzi juzi hapa, kwaiyo wanastahili jukwaa hili pia.

Picha za simu ni kizaazaa. Wekeni stika ndogo ya kijani kwenye kadi ya kila alieruhusu kazi yake ipigwe, nyekundu kwa asietaka, na sura ya msanii inaombewa ruhusa peke yake. Mkiposti, jina lake liwepo. Kabla hamjachapa kazi ya mtu kwenye fulana andikianeni hata ukurasa mmoja kwa Kiswahili, kwamba anapata kiasi gani kwa kila fulana, na msaidieni kusajili kazi yake COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kama anataka. Nyuma ya kila kazi aandike jina na mwaka kwa mkono wake, asiejua kuandika aweke alama yake anayoichagua mwenyewe.

Zilizobaki zirudi usiku ule ule kwa bajaji au kirikuu (kigari kidogo cha mizigo), msizilaze kwenye stoo ya mtu. Hesabu ya mauzo msomee msanii mbele ya mtu wake, pesa mkononi au kwenye simu yake mwenyewe, sio ya shemeji. Ndani ya wiki mbili rudini kwake na picha zilizosafishwa, za kushikika, watu wetu wengi hawana hata picha moja wakiwa wanashangiliwa.

Kama mnataka kufanya mwezi wa 8, ambao ni mkavu, anzeni kutembea mwezi wa 4 au wa 5 hata kama masika inapiga na njia zina tope. Wakati wa mvua vibarua ni vichache, watu wako ndani wanafanya kazi zao, ndo mtawakuta.